Yai la Ustadi Tufail

Ustadi Tufail alikuwa fundi wa sampuli, na sampuli zake zilikuwa za vyombo vya uzazi tu. Kampuni za ng'ambo zilituma mchoro, au chombo kilichovunjika ndani ya bahasha, naye aliketi na tupa zake mpaka akapata cha kwanza. Hicho cha kwanza ndicho karakana nyingine za mji wetu wa Sialkot zilichokiiga mara elfu. Wenzake wa mtaani, watengeneza mikasi na koleo za meno, hawakumwacha apumue.

"Ustadi, leo umeingia wapi?" walimwuliza wakati wa chai.

"Ulikokaa wewe miezi tisa ukatoka bila hata ahsante," aliwajibu, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Kazi iliyompa jina ilikuwa mrija. Mrija wa chuma, mwembamba, wa kupitishia dawa ya kuzibua mirija ya uzazi au kupandikiza mbegu ya mume ndani kabisa ya mji wa mimba. Mchoro ulikuja umenyooka kama fimbo. Tufail aliutazama akaguna. "Aliyechora hiki alizaliwa na kabati." Akaenda kwa mkunga mmoja mzee, akakaa kibarazani kwake siku mbili akiuliza maswali ambayo mwanamume mwingine angefukuzwa kwa kuyauliza. Kisha akaupinda ule mrija upana wa vidole viwili kutoka nchani, na nchani akaweka kichwa kidogo cha duara, kama punje ya ngano. Ng'ambo wakausifu, wakaandika jina lao ubavuni. Yeye, kila alioumaliza kwa mkono wake, aliugonga nukta tatu kwenye kisigino, ndogo, mahali ambapo hapana mteja wa kuangalia.

Kabla mrija haujatoka karakanani, aliuburuta juu ya yai la kuchemsha lililomenywa. Ute ukibaki laini, mrija unafaa. Ukiacha mchubuko, ni mbovu. Kwa hiyo mkewe, Shamim, alichemsha mayai mawili kila asubuhi, moja la kula na moja la kazi, akayafunga pamoja na paratha, chapati za samli. Alifanya hivyo miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa hakupata mimba hata ya kuharibika.

Mama yake Tufail waliyemwita Bebe hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Mwanangu anawazalisha wanawake wa Ulaya," aliwaambia wageni mbele ya Shamim, "wa kwake kawa bua la muwa lililokamuliwa." Na Shamim alikuwa akiwamiminia wageni hao hao chai.

Mwaka wa tatu daktari mmoja alisema mume naye apimwe. Tufail alifoka, akamwita daktari huyo punda. Lakini mwezi uliofuata aliaga kwamba anakwenda Lahore kutafuta chuma cha pua, akapimwa huko peke yake. Majibu yalikuwa mstari mmoja: hakuna mbegu, hata moja. Pengine ni matumbwitumbwi ya utotoni, walimwambia, na hapana dawa. Aliikunja karatasi mara nne, akaificha chini ya tupa kwenye sanduku la vifaa alilorudi nalo nyumbani kila jioni. Akarudi nyumbani na halua. Chuma kizuri kimepatikana, akasema.

Siku hiyo ndiyo angesema. Ilikuwa sentensi moja tu, na Shamim angeilia, kisha angemtengea chakula kama kawaida, kwa kuwa alimpenda. Lakini Tufail aliwaza kicheko cha saa ya chai kikigeuka upande wake, na hilo hakuliweza. Mtu anayejua kupinda chuma kwa ajili ya miili ya wanawake asiowajua alishindwa kufungua mdomo kwa ajili ya mmoja aliyelala naye kitanda kimoja. Mimi sina neno zuri la kumwekea.

Basi Shamim akazungushwa. Alisafishwa kizazi mara mbili, akazibuliwa mirija mara nne, akanyweshwa maji ya hirizi. Kila mara alirudi akishika ukuta.

"Daktari kasemaje?" Tufail alimwuliza.

"Kasema nivumilie."

"Basi vumilia."

Mwaka wa tisa likaja agizo la mirija mia tatu. Tufail alipokwisha kuigonga nukta, msuguaji mmoja mgeni aliunguza ncha kwenye jiwe la kung'arishia, na mirija arobaini ikachubua yai. Mtaani kwetu mtu havunji chuma. Bidhaa mbovu za maagizo ya ng'ambo hupelekwa soko la nyuma ya stesheni, na zahanati za mjini hununua huko. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mtu anajua zinakokwenda. Tufail naye alipeleka arobaini zake. Mchuuzi alipopitisha kidole kwenye ncha na kukunja uso, Tufail alimwambia, "Chukua tu. Wanawake wa huku wagumu."

Msimu wa kuvuna mpunga, Bebe alisikia habari za Bibi Razia, mwenye zahanati karibu na mfereji, kwamba mkono wake umefungua wengi. Akampeleka Shamim. Bibi Razia alisukuma, akakwama, akasukuma tena, na mrija ukapita mahali ambapo hapakuwa na njia. Damu ilipomshinda, alimviringisha Shamim kwenye shuka, akampakia kwenye riksho na chombo kikiwa bado ndani yake, akafunga zahanati. Bebe alikwenda naye akisoma dua njia nzima. Hospitali kubwa walimwondoa kizazi asubuhi ile ile.

Siku ya tatu homa ilipotulia, muuguzi alimletea kitu kimefungwa kwenye shashi. "Dada, hiki ni chenu? Kilikuja na wewe."

Tufail alifika mchana, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kwa kweli, mabega yakitikisika.

"Unalia nini?" Shamim alimwuliza.

"Mtoto wetu."

"Mtoto gani?"

Tufail alimshika mkono tu, na mara nyingine tena akaiacha ile sentensi ilale alikoiweka.

Nyuzi hazijatolewa, Bebe alikwisha kumaliza mambo. "Sasa hata daktari kathibitisha," alisema. Akamtafutia mwanawe Kaneez, msichana wa miaka ishirini, binti wa watu wa kinu cha mchele, nyumba ya mwisho mkono wa kushoto ukitoka karakanani. Mama yake alizaa sita, hiyo ndiyo sifa iliyotajwa kwanza. Tufail alikataa siku mbili kwa adabu. Siku ya tatu akaenda kupimwa kanzu ya harusi. Jirani walimpongeza, na Shamim, kabla hajaweza kusimama wima, alishonea dupata, ule mtandio wa bibi harusi, nakshi za pembeni.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatano, saa ya chai, mafundi wamekaa nje kwenye vigoda vyao, Shamim alifika karakanani amebeba chakula. Hakuwa ametembea mwendo mrefu ule tangu alipopasuliwa. Mafundi walimwamkia kwa heshima, naye akapita ndani. Alifungua kitambaa juu ya meza ya Tufail: paratha, mboga ya haradali, mayai mawili yaliyomenywa.

"Hili limechubuka," Tufail alisema.

"Nimelichubua mimi. Kwa hiki."

Akauweka mrija mbele yake. Tufail aliuchukua, akaupeleka dirishani penye mwanga, akapitisha kidole gumba nchani. Kisha akaugeuza, akaziona nukta tatu.

"Hizi zilikuwa bidhaa mbovu," alisema. "Hazikuwa za..."

"Za nani?"

Tufail aliurudisha mrija mezani.

"Nilipoziona nukta hospitali nilisema hapana, labda kuna fundi mwingine," Shamim alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesimulia bei za sokoni. "Sikutaka kukusingizia, bwana. Jana ulipokwenda kuchukua kanzu nikafungua sanduku lako, nitafute ule msumari wa kugongea nukta, nilinganishe. Chini ya tupa nikakuta karatasi ya Lahore. Naijua ile tarehe. Ndiyo siku uliyotuletea halua."

Tufail alitazama mlangoni. Nje kikombe kiligonga kisahani, mtu akacheka jambo lake. Alisogea karibu na mkewe, akanong'ona.

"Nani mwingine anajua?"

Shamim alikuwa ametoka nyumbani akiwa na matumaini, na sasa aliyaonea haya. Njia nzima, akipumzika kila baada ya nguzo mbili, alikuwa akimpangia maneno ya kusema: nisamehe, au nilikuwa mwoga, au hata pole. Lolote kati ya hayo angelipokea. Angeirudisha karatasi chini ya tupa na kumwacha aivunje harusi mwenyewe kwa namna yake.

"Hakuna," alisema.

Tufail alishusha pumzi. Akashusha pumzi mbele yake, bega likalegea, mkono ukaenda kwenye lile yai zima kama wa mtu aliyekumbuka njaa.

Shamim alikunja kitambaa, akakiweka kwapani, akagusa karatasi ya Lahore aliyoichomeka kifuani. Mrija aliuacha mezani. Akatoka polepole, mkono mmoja tumboni, akafika njiani, akasimama kidogo. Kisha akageuka kushoto, kuelekea kwa watu wa kinu cha mchele.

"Ustadi!" mmoja wa mafundi alimwita Tufail kutoka nje, akicheka. "Mkeo kapotea njia leo! Nyumbani kwenu si kulia?"