Uzi Mweusi wa Chumba cha Kadi

Wakubwa wakikaa vikao hadi leo wanasema mradi wa kompyuta wa hospitali yetu uliuawa na umeme. Wengine wanasema vumbi. Wengine wanasema sisi makarani tulikuwa wazito wa kuelewa, na hao nikiwapata nawakata jicho mpaka wanageukia pembeni. Mimi nilikuwemo tangu siku ya kwanza na najua ulipofia. Ulifia mdomoni mwangu, na haukufa peke yake.

Miaka ya tisini yote nilikuwa karani wa chumba cha kadi, Nachingwea. Mgonjwa akifika dirishani anataja jina na kijiji, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye rafu. Wa Mtua kule juu, wa Matambarale na Nandagala karibu na mlango, maana wametoka mbali na wamechoka. Nilikuwa na maringo na kazi ile, nisidanganye.

Kwetu mtu akifariki, jina lake halizikwi. Siku ya arobaini ukoo unakaa, anachaguliwa mmoja, mara nyingi mtoto wa dada yake, analirithi. Tangu hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu wanamwita baba, na jina lake la zamani halitamkwi tena, kwa kuwa ukilitamka umemtukana yeye na umemfukuza aliyerudi. Mjomba wetu wa Nandagala alipofariki, jina lilimwangukia mdogo wangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni mwenyewe. Nikawa namwamkia, "Shikamoo, mjomba!" Naye ananijibu "Marahaba, mwanangu," huku anabana kicheko, mtundu yule.

Sasa kadi zingekuwaje? Mgonjwa anafika na jina la marehemu, na kadi yake halisi iko chini ya jina ambalo haliulizwi. Nilikuwa nachukua kadi ya marehemu, naweka ndani yake kadi ya mrithi, nazifunga pamoja kwa uzi mweusi. Hakuna aliyenifundisha, wala hakuna aliyesema neno. Ya mdogo wangu niliifunga hivyo hivyo, na juu yake kulikuwa na maandishi yangu ya penseli nyekundu: ASIDUNGWE PENISILINI. Utotoni alidungwa mara moja tu, koo likamvimba, mama akaanza kulia msiba. Alipona kwa kudra za Mungu.

Miaka ya elfu mbili ikaja, na kompyuta zikaja. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam, bwana mwenye miwani, mpole, alifika akakaa kwenye kiti changu. Hakuniomba. Nilinuna siku nzima. Alitufundisha kuingiza kadi moja moja kwenye mashine, na kila kadi ilikuwa na mahali pa kuandika jina lingine la mgonjwa kama analo. Siku ya pili akashika kadi zenye uzi.

"Mama, huu uzi ni wa nini?"

Ningeweza kumweleza. Dakika tano zingetosha. Lakini ningeanzaje kumtajia mgeni majina ambayo hata mama zao hawayatamki? Na roho yangu ilikuwa bado iko kwenye kile kiti.

"Wa kushikia tu," nikasema.

Akaniletea mkasi. Nilizikata nyuzi zote mwenyewe, nikaingiza kila kadi kivyake, na pale pa jina lingine nikapaacha patupu, mtu baada ya mtu. Mtaalamu akanisifu kwa kasi yangu. Kadi zikatiwa kwenye magunia, zikapelekwa stoo.

Mchana wa mwisho wa mafunzo alitaka kutuonyesha mashine inavyoweza kupanga orodha. Akabonyeza, yakashuka majina ya waliofariki, meupe kwenye kioo cheusi, na vijiji vyao. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nusu ya watu wale nilikuwa nimewaamkia sokoni wiki ile ile. Mmoja alikuwa nje kwenye benchi, anakohoa, namwona dirishani. Nikamtazama yeye, nikatazama kioo, nikamezea.

Mradi ukaonekana umefana, nikatumwa Ruangwa kufundisha wenzetu wa zahanati moja. Kabla ya kuondoka nilijitapa kwa mdogo wangu. "Siku hizi mjomba huna haja ya kujieleza. Kila kitu kimo ndani ya mashine." Akaniamini. Nani asingeniamini?

Ruangwa wakati huo simu ya mkononi ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zahanati. Asubuhi moja nilikuwa juu yake, simu ikaita. Binti mpya aliyeajiriwa juzi, wa Dar, ndiye aliyebaki chumba cha kadi.

"Dada, hapa kuna ishu. Kuna kaka wa Nandagala, alikuja mnadani, mguu aliojikata na jembe umemvimba, ana homa kali. Namtafuta kwenye mashine, inasema amefariki. Nywele zimenisimama."

Nikacheka mpaka nikashika kiuno. "Huyo ni mdogo wangu! Karithi jina la mjomba. Mwambie shikamoo yake iko hapa."

"Sasa nifanyeje? Haikubali kumwandikia marehemu."

"Mwandikie kwenye karatasi aende kwa nesi. Nikirudi nitakuonyesha namna ya kumfufua."

Akacheka na yeye. Nyuma yake nikasikia sauti ya mdogo wangu: "Mwambieni mwanangu nimefika salama!" Simu ikakatika.

Niliteremka bado natabasamu. Nilikuwa nimefika mlangoni mwa zahanati, nikaona penseli nyekundu juu ya meza ya mtu.  Karatasi! Karatasi nyeupe, isiyo na kitu!

Nilirudi kichuguuni mbio, kanga imenidondoka njiani. Hakuna mtandao. Nikainua simu juu, nikageuka huku na huku, jua linawaka, hakuna ndege anayelia. Nikaita tena na tena. Ilipokubali, akapokea yule binti. 

"Dada," akasema, "nesi alimuuliza kama kuna dawa inamdhuru. Akasema mashine inajua."

Tulimzika Nandagala, pembeni ya mjomba. Niliporudi kazini daktari aliniambia niingize kifo chake. Nikatafuta jina alilozikwa nalo. Amefariki, mashine ikasema, tangu zamani. Hapakuwa na cha kuongeza.

Nikaandika lile jingine, herufi kwa herufi. Akatokea. Nandagala. Yu hai. Asidungwe penisilini.

Sikubonyeza kitu. Miezi michache baadaye jenereta ilikufa, mashine zikafunikwa vitambaa, zikafuata kadi stoo, na wakubwa wakaanza kulaumu umeme. Siku ile zilipobebwa nilifunga mlango wa stoo nikiwa ndani, nikamwita mdogo wangu kwa jina lake nililokuwa namwita nikimbeba mgongoni. Nilimwomba msamaha kwa jina hilo.