Bi Saka na Hajati wa Malindi

Watu husema Sakarbai wa Mkoani alisafirisha nusu ya Pemba. Mimi huongeza kwamba yeye mwenyewe hakupata kufika mbali zaidi ya Unguja, na huko alifika akiwa amelala kama gunia la mbata. Bahari ilikuwa haimtaki. Lakini mtu akitaka kwenda Tanga, Mombasa au Makka, hakuwa na pa kwenda ila dukani kwake, pale karibu na forodhani, ambako baba yake, Mzee Gulamali, alimwachia uwakala wa meli pamoja na makopo ya biskuti.

Sisi tulimwita Bi Saka. Alikuwa akiwaudhi wenye haraka. Umekuja kukata tiketi, yeye anakuuliza kama umeshachanjwa ndui, kama mkeo ana mimba, nani atakupokea gatini. Nami niliudhika, mpaka siku niliposafiri nikajikuta kwenye deki upande ambao moshi haufiki, karibu na maji na mbali na mbuzi. Tangu hapo nikawa namjibu kila anachouliza.

Mwaka wa hamsini na nane siasa zilikuwa zimeshawagawa watu, hata wengine hawanunui chumvi duka moja. Kwa Bi Saka walikaa benchi moja na kununiana, maana meli ilikuwa moja.

Mwezi wa Rajabu mwaka huo akaja Bi Mwatum wa Wawi, mjane asiye na mtoto, mwenye mikarafuu yake. Mwaka uliotangulia alitaka kwenda kuhiji kwa mkono wa bwana mmoja aliyekusanya mahujaji haraka haraka bila kumwuliza mtu neno. Wawi nzima ilimsindikiza kwa dufu. Alipofika gati ya Malindi, kule Unguja, akaulizwa maharimu wake yuko wapi, yaani mwanamume wa damu yake asiyeweza kumwoa. Hakuwa naye. Alidhani kufuatana na mwanamke jirani kunatosha. Meli ikaondoka, naye akarudi na sanduku lake. Watu wetu wakishapata la kucheka hawana huruma: wakambandika jina, Hajati wa Malindi. Akaacha hata kwenda harusini. Jina lile lilinikera, na mpaka leo linanikera.

"Safari hii nataka nende kweli, Bi Saka," alisema. "Nikirudishwa tena, mie Wawi sionekani."

"Una kaka?"

"Washakufa wote."

"Na wadogo zako?"

Bi Mwatum akashughulika na ushungi wake. Mkoani nzima ilijua. Mdogo wake, Mwanapili, alikuwa ameolewa Makoongwe, kile kisiwa tunachokiona kutoka forodhani. Mama yao alipofariki Wawi bahari ilikuwa imechafuka, Mwanapili akachelewa kuvuka, na Bi Mwatum akaamrisha maiti azikwe. Mwanapili alifika akakuta udongo mbichi. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

"Mwanapili ana mtoto mwanamume, Ngwali," alisema Bi Saka. "Mtu mzima, mvuvi. Huyo mwana wa mdogo wako, ni maharimu wako. Huna mwengine."

"Basi ntamtuma mtu akamwambie. Na mamaake ntampelekea salamu, nimtake radhi."

Kwetu mtu haendi kuhiji mpaka azunguke nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Mwaka ule wa kwanza Bi Mwatum aliizunguka Wawi yote, akamwomba radhi hata mtu aliyemwibia kuku. Makoongwe hakwenda.

"Radhi haitumiwi mtu," Bi Saka alisema. "Inuka twende."

"Twende na nani?"

"Mie na wewe."

Mimi nilikuwa dukani nikinunua mafuta ya taa. Nikaingia mtumbwini nikidai nakwenda kumwamkia shangazi. Uongo mtupu; nilitaka kuona.

Maji yalikuwa yametulia, hata mtoto angevuka. Hatujafika nusu ya njia Bi Saka akaanza kutapika. Tulipofika pwani hakuweza kusimama. Mwanapili alikuwa pale akianua dagaa, akaona mgonjwa anateremshwa, akakimbia kumshika bega. Alipoinua macho akakuta bega la pili limeshikwa na dada yake.

Walimbeba hivyo hivyo mpaka ndani, wakamlaza mkekani.

"Lete ndimu, dada," Mwanapili akasema, kisha akaziba mdomo, maana neno lilikuwa limeshamtoka.

Bi Mwatum akaenda kutafuta ndimu katika nyumba asiyoijua. Aliporudi akakaa chini kabisa, kwenye sakafu.

"Mwanapili, sikukungoja. Nliogopa watu watasema namchelewesha maiti. Mama wetu sote, mie nikamzika peke yangu. Nisamehe. Si kwa ajili ya Makka. Hata mwanao asipokwenda, nisamehe."

Nikadhani Mwanapili atatufukuza. Badala yake akauliza, "Uso wakwe ulikuwaje?"

"Kama kalala. Alikutaja. Alisema, 'Pili kafika?' Ndilo neno lakwe la mwisho."

"Miaka yote hii hukunambia?"

"N'takwambiaje, nawe hunisemezi?"

Hapo Mwanapili alilia, na dada yake akalia, na mimi niliyekuja kutazama nikalia zaidi yao. Kisha akamwita Ngwali. "Utampeleka mama mkubwa Makka," alimwambia. "Ukifika, mwombee nyanya yako."

Ngwali alikubali. Hofu mpya ikampata Bi Mwatum: meli ya mahujaji hujaa mapema. Je, nafasi ya pili itapatikana?

Bi Saka alijibu kutoka mkekani, ndimu puani. "Nimeshaziweka mbili. Tangu uliporudishwa Malindi nilijua utakuja kwangu, na nilijua utasafiri na nani."

Waliondoka Mfungo Pili, mwezi wa kabla ya hija. Watu wa Wawi waliokuja kusindikiza walikuwa wachache, kwa kuogopa aibu ya pili. Dufu lilipigwa na watu wa Makoongwe.

Waliporudi salama, Mwanapili hakungoja mashua ifike. Aliingia majini mpaka kiunoni, na nguo zake zote, akaita, "Karibu, Hajati!" Jina likaishia hapo, bila Malindi.

Bi Saka aliletewa maji ya zamzamu. "Nilikuombea," Bi Mwatum alimwambia, "bahari ikupende."

Alikunywa, akashukuru. Idi iliyofuata akapanda mtumbwi kwenda kula kwa Mwanapili, akatapika njia nzima, na akaenda tena Idi ya pili yake.