Mkeka na Miguu ya Bibi Mwajuma

Kwanza naomba mnisamehe. Mwandiko wangu ni mbaya na maneno mengine nitayakosea, kwa sababu niliishia darasa la sita, na tangu hapo mikono yangu imezoea ufagio kuliko kalamu. Ninaandika polepole. Karatasi moja inanichukua jioni nzima. Lakini haya ninayotaka kuyasema nayajua vizuri, na hapa nilipo sina mtu wa kumwambia kwa mdomo.

Kazi yangu ni kusafisha mikeka ya watu hapa Rumonge, upande wa chini karibu na ziwa. Ni mikeka ya ukindu, ile inayosukwa mikanda mirefu mirefu tunayoiita kili, kisha kili zinashonwa pamoja mpaka zinaenea chumba. Watu wananipitishia mikeka yao juu ya ua. Wanasema "Amahoro," nami nasema "Amahoro," basi. Jioni wanakuja kuichukua. Siku nyingine neno hilo ndilo pekee lililotoka kinywani mwangu tangu asubuhi.

Nitakuita mwanangu. Usicheke. Mimi bado msichana, sina mume wala mtoto. Lakini aliyenifundisha kazi hii aliniita hivyo, na mambo aliyonifundisha siwezi kuyasema kwa namna nyingine.

Basi mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani.

Jirani yetu alikuwa Bibi Mwajuma, mama mzee ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kabisa. Aliishi peke yake katika chumba kimoja. Kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa ndani, mlango ulitazama ziwa, na kushoto kwa mlango, pembeni, ndipo alipoweka mbabula yake, jiko la makaa. Sakafu yote ilifunikwa na mkeka mmoja mkubwa alioushona mwenyewe zamani, alipokuwa bado anaona. Mama yangu alipovuka kwenda Uvira kutafuta maisha, na habari zake zikaanza kupungua, mimi nilizoea kwenda kukaa kwa Bibi.

Nikueleze kwa nini. Mimi nina haya sana. Mtu akinitazama, maneno yananikauka. Bibi hakuwa ananitazama. Kwake niliongea kama watu wengine wanavyoongea, hata nilicheka kwa sauti. Alikuwa akiniita Mupole.

Yeye ndiye aliyenionyesha kazi. Mkeka ukiupiga, alisema, anza na mgongo wake, kwa sababu vumbi linalala chini. Ukifagia, fuata msuko, usiupinge. Usiuloweke kama nguo. Chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kikamue mpaka kisidondoke tena, ndipo ufute. Mafuta ya mawese yakimwagika, na hapa kwetu mawese hayakosi kumwagika, usikimbilie maji wala sabuni. Mwaga unga wa muhogo juu yake, uache unywe mafuta mpaka kesho, kisha fagia. Anika kivulini penye upepo. Jua kali la ufukweni linakausha ndagala, wale samaki wadogo, vizuri, lakini ukindu linaufanya uvunjike kama biskuti. Ukiuweka, uviringe. Usiukunje hata siku moja.

Na mikeka ya watu aliniambia niwe naigeuza, ya mlangoni iende ndani na ya ndani ije mlangoni, ili isiliwe na miguu upande mmoja. Mkeka wake mwenyewe hakuwahi kuniambia niugeuze. Hakuwahi kuniambia nisiugeuze pia. Nami sikuuliza.

Bibi alikuwa na mtoto mmoja, Issa, anayeuza vitenge Bujumbura. Si mtu mbaya. Aliogopa kwa ajili ya mama yake, na aliogopa kwa sauti kubwa. Alikuwa amekwisha kusema: "Mama, siku nikikuta umeumia, tunapanda gari pamoja. Sitauliza."

Bibi alimjibu: "Niumizwe na nini? Na kitanda yangu?"

Ijumaa tukapata habari kwamba Issa anakuja kesho yake. Nilimwona Bibi anapangusa kikombe kilichokuwa tayari kisafi, anapangusa tena. Nikajua anaogopa. Nami niliogopa kuliko yeye, kwa maana akienda Bujumbura, mimi nitaongea na nani?

Nikaamua nyumba ing'ae mpaka Issa akose la kusema. Jumamosi asubuhi nikampeleka Bibi akae kwa jirani mwingine, nikautoa mkeka nje. Niliupiga, nikaufagia, nikaufuta mshono kwa mshono. Ulipokauka nikauona vizuri: upande wa mlango ulikuwa umelika, umekuwa mweusi na laini, na kwenye pembe ya mbabula kulikuwa na kiraka kigumu cha ukindu mpya nilichokishona mwenyewe pale cheche ilipotoboa. Nikaona aibu. Issa akiingia, jambo la kwanza ataona uchakavu. Kwa hiyo nikaugeuza. Upande mzuri ukaja mlangoni. Ule uliolika, pamoja na kiraka, ukaenda kule kitandani.

Nilimrudisha Bibi nikimshika mkono mpaka kitandani. Dakika si nyingi Issa akaingia na mkate na sukari.

"Eeh, Mama! Nyumba inang'aa hivi? Unaolewa lini?"

"Nangojea mwenye ng'ombe," Bibi akasema. "Ni huyu Mupole amesafisha. Musalimie."

Issa akageuka huku na huku, akaniona nimesimama karibu na mlango. "Ni mutu huyu? Mimi nilifikiri ni pazia."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka kidogo, nikitazama chini. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, mwanangu. Chai ilikuwa inachemka kwenye mbabula. Issa akataka kuinuka ili amimine.

"Kaa chini," Bibi akamwambia. "Weye iko mugeni hapa. Tangu lini mugeni anajimiminia?"

Akasimama, akaanza kutembea. Alikuwa na namna yake ya kutembea, wayo ukiteleza juu ya mkeka bila kuinuka sana. Siku zote nilifikiri ni uzee. Siku ile niliona mguu wake unatafuta, kama mkono unavyotafuta ufunguo ndani ya mfuko. Ukatafuta, haukupata. Akaenda mbele zaidi. Nikafungua mdomo nimwambie asimame, sauti haikutoka. Mguu ukagonga mbabula, birika likapinduka, na chai yote ikammwagikia mguuni.

Issa alimbeba mpaka kitandani. Mimi nilikimbilia maji baridi, nikawa namwagia ule mguu.

"Umeona, Mama? Umeona sasa?"

"Nimeona nini, na mimi sioni?" Bibi akasema, meno yameshikana kwa maumivu. Kisha akainama, akapitisha kiganja juu ya mkeka chini ya kitanda, polepole, mpaka vidole vikafika kwenye kiraka. Vikasimama hapo.

"Mupole. Kiraka yangu inatafuta nini huku?"

Issa alikuwa anazungumza kwenye simu, anauliza gari la kurudi. Nilitamani niwe pazia kweli. Lakini nikasema, na sauti ikatoka kubwa mpaka Issa akanyamaza: "Ni mimi, Bibi. Nimegeuza mukeka. Mama hakupotea, Kaka Issa. Ni mimi nimempoteza."

Bibi hakunigombeza kwa ukali. Afadhali angefanya hivyo. Aliondoa kiganja kwenye kiraka, akasema:

"Mwanangu, umesafisha vizuri, nilisikia harufu yake nikiingia. Lakini hukuniuliza mukeka huu unanifanyia kazi gani. Pale palipolika ndipo ninapojua mulango uko mbele yangu. Kiraka ndicho kinaniambia simama, moto uko hapa. Weye uliona uchafu na uchakavu. Mimi ile ndiyo nyumba yangu."

Akaniambia niurudishe. Niliurudisha, Issa akinisaidia kuinua kitanda. Mkeka ulipokaa, Bibi akasimama na ule mguu ulioungua. Tukamkataza, hakusikia. Akatoka kitandani mpaka mlangoni, akaweka mkono juu ya komeo pale pale, bila kupapasa. Akageuka kwenda pembeni, mguu ukagusa kiraka, akasimama. Akanyoosha mkono juu ya mbabula, akaushika usawa wa moto kama mtu anayeota joto.

"Nimeona, Mama," Issa akasema.

"Basi niache kwangu."

"Mguu huu unataka daktari. Na kesho mutu mwingine ataacha kiti njiani."

"Nitamwambia asiache."

"Mama."

Issa alilisema neno hilo kwa kuchoka sana. Bibi akakaa kitandani, akatafuta kilemba chake. Wakaondoka na basi dogo la alasiri. Walisema ni siku chache tu.

Nilibaki na ufunguo. Kila wiki nilifungua, nikatoa mkeka, nikauanika kivulini, nikaurudisha ulivyokuwa, palipolika mlangoni, kiraka kwenye pembe yake. Hakuna aliyeukanyaga. Unajua, mkeka usiokaliwa unanuka baridi. Nilikuwa nakaa juu yake kidogo, naongea mwenyewe, kisha naona aibu ingawa hapakuwa na mtu.

Mvua zikaja, zikaisha. Issa akampigia jirani simu akasema mama yake mguu umepona, lakini hashuki kitandani. Anakula hapo, anaswali hapo, haongei.

Mimi sikuwa nimewahi kufika Bujumbura. Nikauviringa ule mkeka, nikaufunga kamba, nikausimamisha kando ya barabara. Kondakta wa basi akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote: "Dada, hiyo ni mukeka ao ni maiti?" Nikajibu: "Ni nyumba." Wakanicheka njia nzima mpaka Gitaza. Sikujali, na hilo nalo lilinishangaza.

Nyumba ya Issa ina sakafu ya vigae vinavyometameta. Nilimkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imening'inia. Aliposikia sauti yangu akanishika uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, huku nikitia mguu chini ni kama nimetia ndani ya ziwa," aliniambia. "Kila mahali ni sawasawa."

Nikatandika mkeka, lakini chumba kilikuwa chembamba, haukuenea. Nikafikiri kuukunja upande mmoja. Bibi akasikia ninavyovuta, akasema hapana, usikunje, fumua. Tukafumua mshono pamoja, yeye akivuta uzi kwa vidole, tukatoa kili za upande wa ukuta ambazo hazikuwahi kukanyagwa. Nikauweka, palipolika pakaja mlangoni. Issa alisimama akitazama, kisha mwenyewe, bila kuambiwa, akabeba meza yenye chupa ya chai, akaiweka pale kiraka kilipoangukia.

Bibi akashusha miguu. Ikakaa chini muda mrefu. Kisha akatembea mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Akaenda kwenye kiraka, akasimama, akamimina chai, na haikumwagika. Issa alitoka nje, akakaa huko kwa muda.

Bibi hakurudi Rumonge, na hatarudi. Ametulia. Anatembea, nasikia sasa anawagombeza hata wajukuu. Mimi nilirudi na zile kili zilizobaki, nikazishona. Umekuwa mkeka wa mtu mmoja, wawili hawaenei. Nimeukalia hapa ninapoandika.

Kwa hiyo, mwanangu, mambo ya vumbi na mafuta na kivuli nimekwisha kukuambia, yashike, mkeka wako utaishi. Lakini hili lishike zaidi. Ukiitwa kusafisha nyumba ya mtu, usianze na ufagio. Vua viatu, kaa kwanza juu ya mkeka wake, umuulize: hapa unapita vipi? Pale palipochakaa ulikuwa unafanya nini? Akikuambia usiguse, usiguse, hata kama unaona aibu mbele ya wageni. Na kama una haya kama mimi, uliza hivyo hivyo kwa sauti ndogo. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya haya yangu, na aliyeungua mguu ni mwingine.

Mungu akupe nyumba ambayo miguu yako inaijua. Akupe mtu wa kukuuliza unapita wapi kabla hajahamisha kitu. Mikono yako isikauke, na mlango wako upate wa kubisha hodi.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, naomba uniandikie. Niambie kwenu mikeka mnaisafishaje, au niambie chochote tu, hata kama nawe unakosea maneno. Mpe karatasi mtu yeyote anayeshuka soko la Rumonge, aulizie yule msichana wa mikeka. Nitaisoma yote, na nitajibu, ingawa polepole.