Sikio moja ibakie wazi

Bandugu, leo kazi ndogo imenitia woga.

Mama mumoja wa Kilembwe ameleta ampli ya écouteur, ile ya kukuza sauti ya masikioni, hapa kwangu Baraka.
"Fundi, kwaya yote iingie mu sikio moja. Niko nasikiliza nikilima."

"Pole mama. Ile ingine haisikie?"

"Inasikia muzuri. Ni ya kusikilizia njia, kama watu ya bunduki wanakuja."

Nikacheka.
Ye hakucheka.

Nikaunganisha waya ya kushoto na ya kuume kwa rezistansi mbili, sauti yote ipite upande moja, nikamurudishia.
Nikasema moyoni, hayo ni mambo ya kule Kilembwe, si ya hapa Baraka.

Mbele mama apite mulango, jirani yangu wa hapahapa akaingia na ampli mukononi.
"Fundi, na mi. Sikio moja."

Nikamufanyia palepale, bila kucheka.

Mwenye anajua nini iko nakuja Baraka, aandike hapa chini.
Redio zote za atelier, hapa kazini, nimezizima.