Kocha Mgeni wa Igalula Anatumia Mfumo Wangu

Admin, usiweke jina langu tafadhali, mume wangu naye anafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, fundi cherehani hapa Cheyo, Tabora. Nimeolewa, nina mtoto mmoja. Mume wangu ananunua karanga na mpunga Igalula anakuja kuuza mjini, kwa hiyo kulala huko ni kawaida na sikuwahi kumhoji.

Sisi wawili tunapenda ule mchezo wa kwenye simu wa kuwa kocha. Unachagua klabu, unasajili, unapanga kikosi, mechi inajichezesha yenyewe. Mume wangu alifungua ligi yetu ndogo, haingii mtu mpaka yeye ampe namba ya siri. Yeye huchukua klabu kubwa yenye mastaa. Mimi huchukua klabu dhaifu yenye vijana, naweka mabeki watano, yule wa kushoto mwenye mbio namchezesha winga. Nawaacha wapinzani waje, halafu nawashtukiza. Mwanzoni alinicheka. Nilipomfunga mfululizo akaniomba nimwelekeze, nikamwelekeza kwa mapenzi yote.

Msimu huu kaingia kocha mgeni, anajiita Malkia. Kachukua klabu ile ile niliyoanza nayo. Mabeki watano. Beki wa kushoto kamfanya winga. Jamani, huo ni mfumo wangu mtupu!

Nikamuuliza, "Mume wangu, huyu Malkia ni nani?"

"Kijana mmoja wa Igalula, ananibebea magunia."

"Kijana wa kiume anajiita Malkia?"

"Utani wa vijana huo, mama. Chakula kipo?"

Na alikuwa ametoka kula muda ule ule, sahani hata sijaitoa.

Juzi nikamwandikia huyo Malkia humo humo kwenye mchezo: "Hongera kocha, mfumo huo kakufundisha nani?" Akajibu, "Mume wangu, dada. Kautunga mwenyewe, ana akili ya mpira huyo!"

Nikajipa moyo kwamba labda ni dada wa watu mwenye mume wake, si wangu. Lakini mfumo ule nimeutunga mimi kwenye kiti changu cha cherehani, na nimemwonyesha mtu mmoja tu duniani.

Leo asubuhi mume wangu kafunga begi, anasema anawahi mzigo. Nimemsindikiza mpaka nje. Akiwa anasubiri bodaboda nikamwandikia Malkia, "Mumeo yupo? Namtaka kwenye mechi ya kirafiki." Nikaona jibu linaingia huku nimemkodolea macho mume wangu barabarani: "Hayupo dada, ila kanipigia, yuko njiani anakuja."

Bodaboda ikafika. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Hadi sasa sijamwambia mtu, hata nguo za wateja sijazigusa. Jamani, nipande gari nimfuate Igalula leo hii, au nikae kimya mpaka arudi? Wenye ndoa zenu naombeni ushauri, matusi sitaki. Nifanyeje mimi?