Mama Klorini na Bomba Lisilokuwepo

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa msafishaji wa bwawa la kuogelea la chuo. Watu walimwita Mama Klorini, kwa sababu hata akija harusini amejimwagia manukato, dawa ya bwawa ndiyo iliyotangulia kusalimia. Hakujali. Alisema kila mtu hunuka kazi yake, na asiyenuka chochote achunguzwe.

Ukocha ulimwangukia tu. Kocha wa zamani alipata kazi kwingine akaondoka bila kuaga, akatuacha wasichana wanne tumesimama ukingoni na mataulo yetu. Shangazi alikuwa pale na wavu wake wenye mti mrefu, anaopoa majani.

"Mnanitazama nini?" akauliza. "Maji nimeshayasafisha. Ogeleeni."

Kesho yake akatuambia tumfundishe kila tulichofundishwa, naye akaanza kutufundisha kile kile kwa ukali zaidi. Kwa miaka mitatu alitembea ukingoni na mti wake, akihesabu mikono yetu ikipiga maji, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Majini hatukuwahi kumwona hata kwa kidole cha mguu. Mwenzetu Bata aliapa kuwa Shangazi hajui kuogelea. Timu ilikuwa Bata, aliyetembea kama jina lake. Sindano, mwembamba mpaka unamwonea huruma. Kisigino, ambaye baba yake alikuwa fundi viatu. Na mimi, Redio, kwa sababu sijui kunyamaza, kama unavyoona.

Sasa kuhusu bomba. Pampu ya bwawa letu iliharibika, na fundi aliyeitwa akapitisha bomba jipya la chuma juu ya ukingo na kulizamisha majini, hatua chache kabla ya ukuta wa mbali, katika upande ule ule tulioruhusiwa kufanyia mazoezi. Alisema ni la muda. La muda likawa la kudumu. Aliyesahau kulikwepa alitoka na nundu kwenye paji la uso, nasi sote wanne tulishatoka nazo. Kwa hiyo Shangazi aliingiza bomba katika hesabu: mkono wa kumi na nne, kata kushoto, kisha nyooka uguse. Tulikata kushoto asubuhi na jioni, mpaka tukasahau kwamba tunakata.

Siku ya mashindano ya mkoa tulifika tukicheka hata vitu visivyochekesha. Bwawa lilikuwa pana, la buluu, na kamba za rangi zikigawa njia nane. Kisigino aliingia chooni mara nne. Lakini kicheko chetu kilikuwa na kitu chini yake. Katibu wa michezo wa chuo alikuwa ametamka mbele yetu: timu mbili za kwanza zitakwenda taifa. Tusipokuwa mojawapo, Jumatatu anakuja kocha mwenye cheti, na Shangazi arudi kwenye ndoo zake. Shangazi alijibu, "Sawa, mzee," kisha akasugua kigae kimoja karibu nusu saa. Nilimwona, na nikaumia.

Mbio zetu zilikuwa za kupokezana: kila mmoja anakwenda na kurudi, akigusa ukuta mwenzake anaruka. Katika mchujo Sindano alianza. Akaenda kama mshale, tukapiga kelele, kisha alipokaribia ukuta wa mbali akakata kushoto, akajipigiza kwenye kamba. Watazamaji wakaguna. Akafuata Bata, naye akakata kushoto, kwenye kamba. Kisigino, kamba. Mimi nikajiambia moyoni siwezi kuwa mjinga kiasi hicho, na nilikuwa bado najiambia nilipoivaa kamba kwa bega. Jukwaa zima lilicheka. Tuliingia fainali tukiwa wa nane kati ya wanane, tumeponea chupuchupu.

Shangazi hakugomba. Alikaa kwenye benchi ameshika kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Watoto nimewafundisha kukwepa bomba lisilokuwepo."

"Tutakumbuka kwenda moja kwa moja, Shangazi," nikasema.

"Mtakumbuka nini? Mazoea yana taabu. Njooni."

Akatupeleka kwenye bwawa dogo la kupashia misuli moto. Wahenga wanasema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Shangazi hakuvua kitu. Aliingia na sare yake ya kazi, vifungo hadi shingoni, akaogelea mikono sita safi kabisa mpaka hatua chache kabla ya ukuta wa mbali, akasimama pale pale ambapo bomba lingekuwa. Bata aliachama.

"Haya," akasema Shangazi. "Nigongeni."

"Tukugonge wapi?"

"Tumboni. Atakayekata kushoto atarudia mpaka kesho kutwa."

Sindano akaenda, akakata kushoto. Akarudishwa. Mara ya tatu alimpiga Shangazi kichwa cha tumbo, Shangazi akatoa mlio kama mpira unaotolewa upepo, na sisi tukacheka mpaka tukanywa maji. Baada ya hapo ikawa raha tupu. Tulimgonga kwa zamu, kwa bidii, nadhani na kwa visasi vidogo vya miaka mitatu. Mwamuzi mmoja alikuja mbio.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Kwa sasa mimi ni bomba," akajibu Shangazi, akishika mbavu. "Nipe dakika tano."

Fainali. Makocha waliruhusiwa kusimama nyuma ya vibao vya kurukia, na wetu alisimama pale akichuruzika maji. Sindano akaenda, akanyooka. Bata akanyooka. Kisigino akanyooka, akarudi tukiwa wa nne. Nikaruka. Mkono wa kumi na nne ulipofika, bega langu lilitaka kushoto kwa nguvu zote. Nikalifikiria tumbo la Shangazi, nikalipasua katikati. Niligeuka, nikarudi bila kuvuta pumzi, nikagusa, nikatazama ubao.

Wa tatu.

Nililia ndani ya maji, ambako hakuna anayejua. Wenzangu juu hawakuwa wameutazama ubao. Walikuwa wanarukaruka kwa furaha ya kunyooka, wakitaka kunirukia majini, na Shangazi alikuwa amewazuia: Sindano kwa mkanda wa vazi, Bata kwa mkanda mwingine, Kisigino amebanwa katikati ya magoti yake kama mbuzi anayenyweshwa dawa.

"Tuache, Shangazi."

"Hakuna anayeingia. Kuna mtoto bado anaogelea."

Ni kweli, msichana wa njia ya kwanza alikuwa bado anajikongoja. Njia ya nne, washindi, hawakumwona. Watatu wao walijitosa kumkumbatia mwenzao, maji yakaruka hadi jukwaani. Mwamuzi akainua mkono. Kipaza sauti kikatangaza: njia ya nne imeondolewa kwa kuingia majini kabla mbio hazijaisha. Sisi tukawa wa pili.

Sikumbuki nilitokaje majini. Nakumbuka tumemlalia Shangazi sote wanne sakafuni, naye anacheka huku akilia kwamba mbavu zinamuuma. Baadaye aliinuka, akaenda kuwafunika mataulo wale wa njia ya nne waliokuwa wakilia kwa kwikwi, maana hawakuwa na wa kuwashika.

Katibu wa michezo akashuka jukwaani, tai imekaa upande.

"Ile kanuni uliijuaje?" akamuuliza.

"Kanuni gani, mzee?" Shangazi alikuwa anakamua sketi yake. "Mimi ni msafishaji wa bwawa. Kazi yangu ya kwanza ni kuzuia watu wasijitose majini."

Katibu akakohoa. Akasema basi Jumatatu asubuhi apite ofisini achukue barua yake ya ukocha.

"Jumatatu naosha chujio," akasema Shangazi. "Nitakuja Jumanne."