Mpini wa Pampu ya Issuna

"Fundi Damiani, mashine yako ni mwongo!" Marietha alifoka, ndoo kavu mkononi. "Mpini wa pampu ya kijiji umekatika tena!"

Damiani alijikokota hadi kisimani. Kule karakanani, mashine yake ya majaribio ilisukuma mipini ya pampu mpya kutwa kucha bila mtu kuigusa, ikifuata mchoro wa mtu anavyopiga pampu, na ilishagundua valvu mbovu nyingi. "Huu ulifaulu, dada."

"Ulifaulu kwa mtu mmoja! Sisi tunashika wawili wawili, kila mtu anavutia kwake, foleni ipungue."

Akautoa mchoro mfukoni. Kweli, ulionyesha mtu mmoja tu kwenye mpini. Akamchora wa pili. "Nikirudi karakanani tutajaribu hivi."

"Na leo tunywe mchoro?"

Lori lililomleta likapiga honi. Damiani akapanda kwa uchovu, akapeleke kijiji kingine pampu iliyofaulu kwa mchoro uleule wa mtu mmoja.